Mkono Mwepesi wa Tela

Asubuhi Josepha alifagia uwanja wake kama kawaida. Alianzia mlangoni, akapita jikoni, akafika kwenye karo la maji. Alipofika kwenye tela, aliinama akafagia hata chini yake. Kuku mmoja alikuwa na kawaida ya kutaga hapo, nyuma ya gurudumu. Josepha aliokota yai, akalifuta kwa kanga.

Tela hilo lilikuwa nyumba. Nyumba ndogo ya mbao na bati, juu ya magurudumu mawili. Ndani mlikuwa na vitanda viwili vyembamba, rafu ya vyombo, na dirisha lenye chandarua. Mume wake, Emilian, ndiye aliyeijenga. Walikuwa warina asali. Kila msimu walihamia kambini msituni kwa majuma mengi, na Emilian alikuwa amechoka kulala kwenye kibanda cha nyasi.

"Msimu huu tutalala nyumbani," alisema siku alipomaliza kazi. Akachukua brashi, akaandika neno moja mlangoni: KAYA. Kwa Wanyamwezi, kaya ni nyumbani.

Sasa ubavu mmoja wa Kaya ulikuwa umebonyea. Herufi ya kwanza ilikuwa imekwanguka. Na Emilian hakuwepo tena.

Mwaka uliopita, msimu wa asali ulipofunguka, walitoka Tabora asubuhi. Pikapu yao ilikuwa inavuta tela. Walikuwa wanakwenda kambini, msituni upande wa Nyahua. Walipokaribia Igalula, kwenye mteremko mdogo, tela lilianza kuyumba. Liliyumba kushoto, likayumba kulia, na kila mara lilizidi. Emilian alikanyaga breki kwa nguvu. Tela likausukuma mkia wa pikapu. Pikapu ikageuka ubavu, ikatoka barabarani, ikagonga mti upande wa dereva. Josepha alivunjika mkono. Emilian hakufika hospitali.

Watu wa msibani walinong'ona. Baadhi walisema tela lina mkosi. Wengine walisema Emilian alikuwa anakimbia. Neno hilo la pili ndilo lililomuumiza Josepha zaidi, kwa sababu mkosi hauna mwenyewe, lakini mwendo una dereva.

"Hodi," sauti iliita nje ya ua.

"Karibu, shemeji. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama."

Alikuwa Raymundi, mdogo wake Emilian. Alikuwa dereva wa malori. Aliketi kwenye kigoda, akaligeuzia tela mgongo.

"Shemeji, nimeongea na yule mnunuzi wa vyuma chakavu," alisema. "Jumamosi atakuja na mitungi yake ya gesi. Atalikata hapa hapa."

"Atalikata?"

"Limekaa mwaka mzima linatutazama. Mimi nikiingia hapa, chakula hakipiti."

Josepha alikuwa bado ameshika yai. "Na mizinga yangu, Raymundi? Msimu umefika. Huko msituni nitalala wapi?"

"Mizinga wauzie wenzako wa kambini. Utapata kazi nyingine hapa mjini."

"Asali ndiyo kazi ninayoijua. Ndiyo inayomsomesha Advera."

Advera alikuwa binti yake wa pekee. Alikuwa chuoni, akisomea ualimu.

Raymundi alikuna kichwa. "Kaka alikuwa mtu mwema," alisema polepole. "Lakini mguu wake ulikuwa mzito. Nilimwambia mara nyingi, apunguze mwendo."

"Siku ile hakukimbia."

"Shemeji."

"Nilikuwa nammiminia chai. Chupa mkono huu, kikombe mkono huu. Haikumwagika hata tone. Nani anamimina chai ndani ya gari linalokimbia?"

"Mke humtetea mumewe. Wala si vibaya."

"Simtetei. Nakwambia nilichokiona."

"Basi kama si mwendo, ni nini? Mkosi?"

"Sijui," alisema Josepha. "Ndiyo maana sitaki likatwe kabla sijajua. Mkishalikata, sitajua tena maisha yangu yote. Tulipeleke kwanza kwa Mzee Adinani. Akisema halifai, Jumamosi mimi mwenyewe nitamfungulia mwenye gesi lango."

Raymundi aligeuka, akalitazama tela. Kisha akanyanyuka, akaenda kuleta funguo za pikapu, ile ile ya ajali, iliyonyooshwa bodi baada ya msiba.

* * *

Mzee Adinani aliishi mtaa wa pili, humo humo Chemchem, kata yao mjini Tabora. Alikuwa fundi wa springi na ekseli. Babu yake alikuja Tabora na misafara ya zamani, kutoka upande wa Kongo, na hakurudi. Adinani alikuwa mtu wa kuuliza kwanza, kisha ndipo akashika spana.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama Advera. Karibuni. Binti hajambo?"

"Hajambo. Yuko chuoni."

"Tumekuletea mgonjwa," alisema Raymundi. "Mwangalie kabla hajazikwa."

"Ninyi Wanyamwezi," alijibu Adinani, "mgonjwa mnamleta matanga yakishaanuliwa."

Ulikuwa utani wa siku zote kati ya Wanyamwezi na watu wa asili ya Kongo. Raymundi alitabasamu kidogo. Adinani alimtazama Josepha, akaacha utani.

Walilifungua tela kutoka kwenye pikapu na kuliweka pembeni. Adinani alisimama mbali kidogo, akaitazama pikapu kwa ubavu.

"Mbona imeinua mkia kama jogoo?"

"Msimu wa kwanza ilikuwa inakaa chini nyuma tukifunga tela," alisema Josepha. "Pua ilikuwa inaangalia juu, na taa zinamulika matawi ya miti. Usukani ulikuwa mwepesi mno. Emilian akaongeza jani la springi. Mkia ukainuka. Watu wote mtaani waliisifia."

"Jani la gari gani?"

Josepha hakujua. Raymundi aliangalia viatu vyake.

"La lori," alisema. "Nililileta mimi. Lilibaki gereji kwetu. Nikaona litamfaa."

Adinani alitandika gunia, akalala chini ya pikapu na tochi. Kisha akawaita wachungulie.

"Springi hii ni majani ya chuma yaliyolaliana," alisema. "Refu juu, fupi chini. Kazi yao ni kupinda pamoja na kurudi pamoja. Majani haya ya zamani yamechoka. Yamenyooka. Ndiyo maana mkia ulikuwa unakaa chini. Sasa tazameni hili la lori. Ni nene mno. Wenzake wakitaka kupinda, lenyewe linakataa."

"Si ndiyo nguvu hiyo?" aliuliza Raymundi.

"Ni ugumu. Lori lina mzigo mzito wa kulipinda. Pikapu haina. Tairi likipita kwenye shimo, springi haipindi, bali gari zima linaruka. Na tairi lililo hewani halishiki barabara."

Alitoka, akaweka mikono miwili kwenye bampa ya nyuma. Akakandamiza kwa nguvu, akaachia. Mkia ukaruka, ukaruka tena, ukaruka tena.

"Umeona? Ulitakiwa uruke mara moja, utulie. Kinachoutuliza ni shokapu. Hizi mbili zimevuja mafuta, zimekufa. Na zile bushi, mipira ile kwenye masikio ya springi, zimeliwa. Ekseli inacheza kushoto na kulia. Gari la namna hii likisukumwa kutoka nyuma, halina cha kujishikia."

"Kwa hiyo ni springi?" aliuliza Josepha.

"Subiri, mama Advera. Hii ni nusu ya habari. Gari tumeliangalia tupu, na siku ile halikuwa tupu." Adinani aliligeukia tela. "Nataka mlipakie kama siku ile. Kila kitu mahali pake. Unaweza?"

Vyombo vile Josepha hakuwa amevigusa tangu siku ya ajali. Vilikuwa stoo, chini ya turubai.

"Naweza," alisema mwishowe.

Walikwenda na mkokoteni, wakarudi navyo. Mapipa mawili ya maji. Jiko la chuma. Gunia la unga. Betri kubwa ya taa. Sanduku la vifaa vya kurinia. Ndoo tupu za asali, moja ndani ya nyingine. Josepha aliingia ndani ya Kaya na kuelekeza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mapipa huku nyuma, karibu na mlango. Jiko pembeni yake. Gunia chini ya kitanda, huko huko nyuma. Betri hapa mlangoni."

"Na mbele?" aliuliza Adinani.

"Mbele ndoo tupu tu, na nguo."

Mapipa yalijazwa maji. Kisha Adinani akaomba mizani, ile ya kupimia ndoo za asali. Mkono wa tela ni kile chuma kirefu cha mbele, kinachofungwa kwenye ndoano ya pikapu. Adinani aliweka mizani chini ya mkono huo, akasimamisha kigogo juu ya mizani, akauteremsha mkono ukakaa juu ya kigogo.

Wote watatu waliinama kusoma.

"Kilo kumi na mbili," alisema Raymundi.

Adinani aliunyanyua mkono, akauteremsha tena. Kilo kumi na mbili.

"Tela tupu lina uzito gani?"

"Lilipimwa siku ya kulisajili," alisema Josepha. "Kilo mia tano. Na mzigo huu ni kama mia tatu."

"Mia nane. Sikilizeni. Kwenye kila kilo mia za tela, kilo kumi mpaka kumi na tano zinatakiwa zilale kwenye mkono. Huu ulitakiwa ulaliwe na kilo themanini, hata mia na ishirini. Umelaliwa na kumi na mbili." Alishika ncha ya mkono, akaunyanyua kwa vidole. "Mwepesi kama kikapu. Mama Advera, nani aliupanga mzigo hivi?"

Aliuliza kwa upole. Josepha aliketi kwenye kizingiti cha Kaya.

"Mwanzo haukuwa hivi," alisema. "Msimu wa kwanza mapipa yalikaa mbele. Mkono ulikuwa mzito. Mimi na Emilian ndio tulikuwa tunaunyanyua, tunaupeleka kwenye ndoano. Siku moja, tukiwa kambini, mgongo wangu ulinikamata. Nilishindwa kunyooka. Emilian alinibeba akanilaza ndani."

Aliutazama mkono wa tela.

"Nilipopona, akaniita nje. Akasema, 'Mama Advera, hebu jaribu sasa.' Nikaunyanyua mkono peke yangu. Alikuwa amehamisha mzigo wote nyuma. Tukacheka sana. Nikamwambia, 'Ungeniambia mapema kwamba ni rahisi hivi.'"

Kuku wa jirani walikuwa wanaparua kwenye majivu.

"Alikuwa hivyo siku zote," Josepha aliendelea. "Tukitoa ndoo ya asali msituni, tunaibeba mzegamzega. Mti mrefu begani, yeye mbele, mimi nyuma, ndoo katikati. Kabla hatujanyanyuka anaivuta ndoo iende upande wake. Mimi naisukuma irudi katikati. Anasema, 'Niachie, ije kwangu.' Hata siku moja hatukubeba sawasawa."

Adinani alikaa juu ya gunia lake.

"Ndoo ikienda kwake, bega lake linaibeba," alisema. "Kuna mtu kule. Lakini tela lina mabega mawili tu. Bega moja ni ekseli yake. Bega la pili ni mkia wa pikapu. Mzigo ukiuweka mbele kidogo ya ekseli, mabega yote mawili yanabeba. Ukiuhamishia nyuma kabisa, unauondoa kwenye pikapu, lakini haumwendei mtu. Kule nyuma hakuna bega."

"Kwa hiyo unaning'inia," alisema Raymundi.

"Unaning'inia na kuchezacheza. Upepo wa lori ukipita, mkia wa tela unakwenda huku. Unarudi, unapitiliza. Pikapu yenye springi ngumu, bushi zilizoliwa na shokapu zilizokufa haiwezi kuukamata. Kwenye mteremko ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu tela linasukuma. Ukikanyaga breki ghafla, linakugeuza."

Josepha aliufunika uso kwa kanga. Raymundi alitaka kumwendea, kisha akabaki aliposimama.

"Basi ni mgongo wangu," alisema Josepha ndani ya kanga. "Alihamisha mzigo kwa ajili ya mgongo wangu."

"Na jani nililileta mimi," alisema Raymundi.

Adinani aliweka tochi chini.

"Mimi sikuwepo Igalula," alisema. "Siwezi kusema hiki ndicho kilichomuua, hiki sicho. Ninachoweza kusema ni kwamba tela lililopangwa hivi, nyuma ya pikapu kama hii, linaweza kuyumba hata mtu akienda mwendo wa kawaida. Kila mmoja wenu alitaka kumpunguzia mwenzake mzigo. Hiyo ni nia. Springi haijui nia ya mtu. Inajua uzito, na mahali uzito ulipo."

Raymundi alikwenda kwenye ndoo ya maji, akanawa mikono. Mikono haikuwa michafu. Alinawa kwa muda mrefu. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu.

"Shemeji," alisema. "Yule mwenye gesi nitamwambia asije."

* * *

Kazi ilifanyika taratibu. Jani la lori lilitolewa kwanza. Adinani hakulitupa. Alimkabidhi Raymundi, naye akalirudisha kule lilikotoka.

Majani yaliyochoka yalibadilishwa. Mapya yalikuwa ya pikapu ya aina ile ile, ya unene wake. Chini kabisa Adinani aliongeza jani moja la msaada.

"Hili halifanani na lile la lori?" aliuliza Josepha. Siku hizo alikuwa anauliza kila kitu.

"Swali zuri. Hili limetengenezwa kwa ajili ya gari hili. Pikapu ikiwa tupu, halifanyi kazi, limepumzika. Mzigo ukikaa, majani ya juu yanashuka, yanalikuta, linasaidia. Ni kama jirani. Haji kila siku, ila kwenye shughuli."

Bushi mpya ziliwekwa, na shokapu mpya, zote mbili kwa pamoja. "Ukibadilisha moja tu, gari litachechemea," alisema Adinani. Boliti za kuifunga springi kwenye ekseli zilikazwa. "Mtazikaza tena mkishatembea siku chache. Chuma kipya hujikalisha."

Kisha wakapanga mzigo upya. Mapipa ya maji yalikwenda sakafuni, mbele kidogo ya ekseli. Jiko na betri vilikaa karibu nayo. Gunia la unga likafuata. Vitu vizito chini, vyepesi juu. Nyuma zilibaki ndoo tupu na nguo. Kila kitu kilifungwa kwa kamba ili kisitembee njiani.

Wakarudisha mizani. Kilo sitini. Wakasogeza pipa moja mbele, wakapima tena. Kilo tisini na tano.

"Hapo hapo," alisema Adinani. "Msisogeze tena."

Hakumaliza. Alichukua tepu, akapima kutoka chini mpaka kwenye ukingo wa bodi, juu ya kila tairi. Mbele na nyuma. Alipima kabla ya kufunga tela na baada ya kulifunga. Mkia ulikuwa umeshuka kidogo. Pua haikuinuka. Tela lilikaa sawa kama meza.

"Hivyo ndivyo tunavyotaka. Nyuma ikishuka sana, matairi ya mbele yanakosa uzito, na usukani hautii. Nyuma ikiwa juu sana, pua ya tela inaangalia angani, nalo litayumba." Aligonga bodi kwa vidole. "Lakini sikilizeni jambo moja. Springi nzuri haziongezi uwezo wa gari. Uzito ambao kiwanda kimesema gari libebe na livute, ni huo huo. Msije mkaona limesimama vizuri mkaongeza mapipa."

"Wanyamwezi hatukatai mzigo, Mzee," alisema Raymundi.

"Najua. Babu zenu walibeba kutoka hapa mpaka pwani. Ila wao walikuwa wanaupima begani kabla ya kuondoka. Ninyi mnaupimia njiani."

Safari hii Josepha alicheka. Kicheko kilitoka kidogo, kikakatika, lakini kilitoka.

Kisha akauliza swali alilokuwa amelibeba tangu mwanzo. "Mkono sasa ni mzito, Mzee. Nitaufunga vipi? Mgongo wangu ni ule ule."

Adinani aliingia bandani mwake, akatoka na jeki nyembamba yenye gurudumu dogo chini na kishikio cha kuzungusha juu. Akaifunga kwenye mkono wa tela.

"Zungusha."

Josepha alizungusha. Mkono ulipanda polepole, na uzito wake wote. Alizungusha upande wa pili. Ukashuka.

Aliendelea kushika kile kishikio. Kitu kidogo kama hiki, alifikiri. Kama kingekuwepo, Emilian asingehamisha chochote. Hakulisema. Lakini Raymundi alikuwa anamtazama, na alijua.

Mwisho, Adinani alifunga minyororo miwili ya usalama chini ya mkono, ikipishana. Akakagua taa za tela. Akajaza upepo wa matairi kwa kipimo. Ndipo akamwita Raymundi kando ya mlango wa dereva, naye Josepha akasogea asikie.

"Hata hivyo linaweza kuyumba siku moja. Likianza, utafanya nini?"

"Nitakanyaga breki," alisema Raymundi, kisha akajishika mdomo.

"Hapana. Toa mguu kwenye mafuta. Shika usukani unyooke, usipambane nalo. Usikanyage breki kwa nguvu, wala usiongeze mwendo kulikimbia. Liache gari lipungue lenyewe. Likitulia, simama pembeni mwangalie mzigo na matairi. Sema wewe."

Raymundi alirudia. Adinani akamwambia arudie tena. Alirudia.

"Na wewe, mama Advera."

"Natoa mguu. Nashika usukani unyooke. Sikanyagi breki kwa nguvu. Siongezi mwendo."

"Haya. Nendeni salama. Na mwendo uwe wa mtu mwenye nyumba mgongoni."

* * *

Siku ya safari, kabla hawajaondoka, Josepha alichukua brashi na rangi. Aliiandika upya ile herufi iliyokwanguka. Haikufanana na herufi za Emilian. Yake ilikuwa imeinama kidogo. Aliiacha hivyo.

Walitoka Tabora jua likiwa limepanda. Raymundi aliendesha. Josepha alikaa alipokaa siku ile, na chupa ya chai miguuni. Mkono wake uliowahi kuvunjika ulikuwa umeshika mlango.

Basi kubwa liliwapita kwa kasi. Upepo wake ulilipiga tela. Josepha alifumba macho. Alihisi mkia wa pikapu ukisukumwa kidogo, kisha ukatulia. Haukurudi tena. Alifumbua macho. Raymundi alikuwa ameondoa mguu kwenye mafuta, na jasho limemtoka shingoni.

"Limetulia," alisema.

"Limetulia."

Walikaribia Igalula. Barabara ilianza kushuka. Ule mti ulikuwapo, na alama nyeupe kwenye gome. Chini yake palikuwa na msalaba wa mbao ambao Raymundi aliusimika.

Josepha aliinama, akachukua chupa ya chai.

"Shemeji, usiseme utamimina," alisema Raymundi.

"Wewe endesha."

Akafungua kifuniko. Mkono mmoja chupa, mkono mmoja kikombe. Raymundi alitazama kipimo cha mwendo. Sindano ilikuwa pale ambapo dereva mtaratibu huiweka. Chai ilishuka, ikajaza kikombe mpaka karibu na ukingo. Ilicheza kidogo. Haikumwagika. Josepha alimpa.

Raymundi alikipokea kile kikombe, lakini hakunywa. Alipita ule mti. Mteremko ulipokwisha, alisogea pembeni taratibu, akasimama. Aliweka kikombe juu ya dashibodi, akaegemeza paji la uso kwenye usukani.

"Hakukimbia," alisema.

"Hapana."

"Nilisema mbele ya watu wote, msibani, kwamba alikuwa anakimbia."

"Ulisema."

"Nitawaambia. Mmoja mmoja. Hata wale ndugu zetu wa kule Puge nitawafuata."

Josepha alimwekea mkono mgongoni. Walikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Kisha Raymundi akainywa yote, baridi hivyo hivyo, akawasha gari.

* * *

Raymundi alitimiza neno lake. Kila aliyemwambia habari za kaka yake, alimweleza pia habari za mkono wa tela. Kabla msimu haujaisha, jamaa wawili wa Puge wenye matela ya kubebea mpunga walikuja Chemchem kuomba mizani ya asali. Mmoja alikuta mkono wa tela lake una kilo nane. Hapo hapo akauliza mzigo uhamishiwe wapi.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile ya kwanza, walifika kambini jua likiwa bado lipo. Kaya ilikuwa nyuma yao, haina mkwaruzo mpya. Nyuki walikuwa wanarudi mizingani. Raymundi alitia kabari kwenye magurudumu ya tela, akataka kushika ile jeki.

"Acha," alisema Josepha. "Nitafungua mimi."

Aliinama, akashusha gurudumu dogo mpaka likagusa ardhi. Akaanza kuzungusha kishikio. Mkono wa tela ulijitoa kwenye ndoano polepole, mzito, na uzito huo aliuhisi mikononi, mabegani, mpaka kifuani. Alizungusha bila haraka. Mgongo haukumuuma.

Kwa mazoea alisubiri ile sauti. *Niachie, ije kwangu.*

Haikuja. Upepo tu ulipita kwenye miti.

"Hapana, baba Advera," alisema kimyakimya. "Na mimi nibebe."

Akazungusha mara ya mwisho, akafunga breki ya gurudumu, akaenda kufungua mlango wa nyumbani.